Butterfly Yupi Uanze Naye? Kazi Tano, Kisa Kimoja cha Nagasaki

Kisa chenyewe ni kifupi. Afisa wa jeshi la majini kutoka Magharibi anashuka Nagasaki, anaoa msichana wa Kijapani kwa ndoa ya muda, kisha meli yake inang'oa nanga. Kwa mwanamume mambo yamekwisha. Msichana anabaki akingoja. Kisa hiki kilimfikia Giacomo Puccini, naye akatunga opera ya Madama Butterfly, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Milan, Italia, tarehe 17 Februari 1904. Lakini hakikuanza na Puccini wala hakikuishia kwake. Kabla yake kuna riwaya ya Mfaransa na hadithi fupi ya Mmarekani. Baada yake kuna tamthilia ya muziki iliyozinduliwa London, na tamthilia ya Mmarekani mwenye asili ya China aliyekigeuza kisa chote juu chini.

Anayetaka kuingia humu hukwama mapema. Aanze na opera, iliyo ya Kiitaliano na inayochukua saa mbili na zaidi? Asome kwanza chanzo chake? Au aende moja kwa moja kwa wale waliokuja kuihoji? Nazifahamu zote tano na siziweki kwenye mizani sawa moyoni, lakini hapa nitajitahidi kuipa kila moja haki yake. Tahadhari moja: nitataja miisho, maana bila miisho hakuna cha kulinganisha.

Vipimo

Nimetumia vipimo vinne. Cha kwanza ni jicho: nani anasimulia, na je, mwanamke tunamsikia mwenyewe au tunasimuliwa habari zake? Hiki kwangu ndicho kizito kuliko vyote, kwa sababu kisa hiki kimeandikwa mara nyingi na wanaume ambao hawakuijua Japani, au waliiona kwa wiki chache tu.

Cha pili ni mwisho. Mwanamke yule yule, kadiri anavyopita mikononi mwa waandishi, anahesabu fedha, anatoweka, anajichoma kisu, anajipiga risasi, na hatimaye anageuka kuwa mtu mwingine kabisa. Kila mwandishi ameweka mwishoni kile anachoamini kuhusu mapenzi kati ya mwenye nguvu na asiye nazo.

Cha tatu ni kile kazi inachokudai: muda, lugha, fedha, uvumilivu. Cha nne ni nani inamfaa.

Pierre Loti, Madame Chrysanthème (1887)

Jicho. Loti ni jina la kalamu la Julien Viaud, afisa wa jeshi la majini la Ufaransa aliyefika Nagasaki kwa meli katika kiangazi cha 1885 na kweli akaishi na msichana wa huko kwa ndoa ya muda. Bandari hiyo ilikuwa imefunguliwa kwa wafanyabiashara wa nchi za Magharibi tangu 1859, na ndoa za namna hiyo zilipangwa na madalali, malipo kwa mwezi. Riwaya imeandikwa kama shajara ya kiangazi kile. Katika utangulizi wake Loti anasema wazi kwamba wahusika wakuu ni watatu: yeye, Japani, na namna Japani ilivyomgusa yeye. Msichana hayumo katika orodha hiyo, na kitabu kizima kinalitimiza neno hilo. Tunaziona nguo zake, usingizi wake, ala yake ya nyuzi. Anachowaza hatukijui, kwa kuwa msimuliaji hakuona haja ya kuuliza.

Mwisho. Hapa ndipo nilipokipenda kitabu bila kutarajia. Siku ya kuondoka, msimuliaji anarudi nyumbani kimya kimya akitegemea kumkuta katika majonzi. Anamkuta ameketi sakafuni anaimba, huku akizigonga kwa nyundo ndogo sarafu za fedha alizomlipa, kusikiliza kama ni halisi. Loti aliiandika picha hii kama ushahidi kwamba mwanamke hana moyo. Mimi naiona kama dakika pekee ambapo msichana anaonekana alivyo: ana kazi, ameifanya, anakagua ujira wake.

Inakudai nini. Kurasa zake si nyingi, na hatimiliki yake imekwisha zamani, hivyo inapatikana bure mtandaoni kwa Kifaransa na kwa tafsiri ya Kiingereza. Inadai ngozi ngumu. Dharau yake kwa Wajapani inajirudia sura baada ya sura, na huwezi kuiruka.

Inamfaa nani. Anayesoma Kifaransa kwa raha, na anayetaka kuona chanzo kabla machozi hayajaingia. Pia anayechunguza jinsi Ulaya ya karne ya 19 ilivyoitazama Asia. Mchoraji Van Gogh alikisoma kitabu hiki alipokuwa Arles, Ufaransa, mwaka 1888, na humo ndimo alimotoa jina la picha yake La Mousmé.

John Luther Long, Madame Butterfly (1898)

Jicho. Long alikuwa mwanasheria wa Philadelphia. Dada yake aliishi Nagasaki na mumewe mmisionari wa Kimethodisti, na kutoka kwake ndiko Long alikopata habari za msichana aliyeachwa. Yeye ndiye aliyehamisha uzito wa kisa kutoka kwa baharia kwenda kwa mwanamke. Kwa mara ya kwanza tunakaa naye nyumbani, tunamwona akibishana, akitania, akimsifia mtoto wake. Kasoro ni kwamba kamfanya azungumze Kiingereza cha kuvunjikavunjika tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu Pinkerton, mumewe Mmarekani, kaamuru nyumbani mwake isitumike lugha nyingine ila ya Marekani. Ukisoma kwa haraka utacheka pasipostahili kicheko. Ukisoma polepole utaona kwamba mwanamume yule alimpokonya hata lugha ya kujitetea.

Mwisho. Kuna tukio moja ofisini kwa balozi mdogo wa Marekani ambalo opera haina, na ningependa ingekuwa nalo. Cho-Cho-San, ndiye Butterfly, yuko pale anaposikia mwanamke wa Kimarekani akiomba itumwe telegramu kwa mumewe: amemwona mtoto, anapendeza, je, wanaweza kumchukua mara moja? Huyo ni mke wa Pinkerton. Hajui kwamba mama wa mtoto amesimama mbele yake. Anamsifia uzuri wake, anamwita mwanasesere mzuri, anaomba busu. Cho-Cho-San anarudi nyumbani, anashika kisu, anaanza kujiua. Mtumishi wake anamfinya mtoto ili alie. Kisu kinaanguka, jeraha linafungwa. Kesho yake Bi. Pinkerton anapofika kwenye nyumba ile ya kilimani, haina mtu.

Kwa hiyo katika maandishi ya kwanza kumwita Butterfly, Butterfly hafi. Anamchukua mwanawe anakwenda. Wengi wanaoijua opera hawajawahi kuambiwa hivyo.

Inakudai nini. Jioni moja. Nayo ni bure. Kiingereza chake kinahitaji subira kwa sababu ya lafudhi iliyoandikwa herufi kwa herufi.

Inamfaa nani. Mwanafunzi wa fasihi, mwalimu, na yeyote anayechoshwa na hadithi ambazo mwanamke lazima afe ili tumhurumie.

Kati ya Long na Puccini yupo David Belasco, aliyeigeuza hadithi kuwa mchezo wa tendo moja, New York, Machi 1900. Yeye ndiye aliyemuua Butterfly. Pia ndiye aliyebuni mkesha: mwanamke, mtumishi na mtoto wanaingoja meli usiku kucha jukwaani bila neno, taa zikibadilika kutoka machweo hadi alfajiri. Puccini aliutazama mchezo huo London mwaka huo huo. Kiingereza hakukijua vizuri, lakini alichokiona kilimtosha.

Puccini, Madama Butterfly (1904)

Jicho. Maneno yameandikwa na Luigi Illica na Giuseppe Giacosa, Waitaliano wote, na Puccini mwenyewe hakuwahi kufika Japani. Puccini alitafuta msaada: mke wa mwakilishi wa Japani nchini Italia alimwimbia nyimbo za kwao, na ndani ya opera utazisikia sauti halisi za Kijapani, ukiwemo wimbo wa taifa, pamoja na wimbo wa taifa wa Marekani unaomtambulisha Pinkerton. Hiyo haitoshi kuifanya opera ya Kijapani. Lakini mwanamke anaimba karibu muda wote, na muziki uko upande wake kwa namna ambayo maneno peke yake yasingeweza.

Sikiliza tendo la kwanza kwa makini, kwa sababu mashtaka yote yamewekwa pale. Pinkerton anajisifu kwamba nyumba kaikodi kwa miaka 999 akiwa na haki ya kuvunja mkataba kila mwezi, na ndoa kaichukulia vivyo hivyo. Kabla bibi harusi hajafika, anainua glasi kuitakia heri siku atakayooa mke wa kweli, wa Kimarekani. Bibi harusi anafika. Ana miaka 15.

Katika tendo la pili imepita miaka mitatu. Balozi mdogo Sharpless amekuja na barua ya kumwambia ukweli, na anashindwa kuisoma kwa sababu Butterfly anamkatiza kwa furaha. Anamwuliza swali: kule Marekani, ndege wenye kifua chekundu hujenga viota lini? Mumewe aliahidi kurudi wakati wa viota, na hapa Nagasaki wameshajenga mara tatu. Labda kule hujenga kwa nadra zaidi. Sharpless hana jibu. Kila mara ninapofika hapa natamani mtu amjibu yule binti. Nakuomba ukisikilize kipande hicho kimoja hata kama hutasikiliza kitu kingine, kwa sababu tumaini lake lote limo katika swali lile, na okestra inalibeba kwa upole hadi unaona aibu kuujua ukweli ambao yeye haujui.

Mwisho. Kitambaa machoni pa mtoto, bendera ndogo ya Marekani mkononi mwake, jambia la baba. Sauti ya Pinkerton inaita jina lake kutoka nje, kachelewa. Akordi ya mwisho haitulii, inakuacha umesimama. Katika onyesho la kwanza kabisa, pale La Scala, ukumbi wa opera wa Milan, watazamaji walizomea na Puccini akaiondoa opera baada ya usiku mmoja. Aliirekebisha, na tarehe 28 Mei 1904 ilishangiliwa huko Brescia. Toleo linalochezwa kwa kawaida leo limekamilika mwaka 1907, na katika marekebisho hayo Pinkerton alipewa wimbo wa kujutia aliyoyatenda, huku baadhi ya matusi yake kwa Wajapani yakifutwa. La Scala ilirudisha toleo la mwanzo Desemba 2016 chini ya kiongozi wa okestra Riccardo Chailly. Wanaopenda ukali wa kwanza wana hoja, nami nakubaliana nao kwa sehemu: wimbo ule wa majuto ni mzuri mno kwa mtu anayekimbia dakika ile ile bila kuonana uso kwa uso na aliyemwangamiza.

Inakudai nini. Muda, na maandishi ya tafsiri chini ya picha. Usijaribu kuisikiliza bila kujua kinachosemwa. Kwa kusikiliza tu, rekodi ya Renata Scotto chini ya Barbirolli (1966) na ya Mirella Freni na Pavarotti chini ya Karajan (1974) zote ni za kutegemewa. Ya Scotto inauma zaidi, ya Freni inang'aa zaidi. Kwa kutazama, kuna filamu ya Frédéric Mitterrand ya 1995 iliyopigwa Tunisia, Butterfly akiwa Ying Huang kutoka China. Tiketi ya ukumbi wa opera kwa wengi wetu haipo karibu, na si lazima.

Inamfaa nani. Anayeguswa na muziki kuliko hoja. Anayejua kuwa ataweza kulia na bado akauliza maswali kesho yake. Haimfai anayetaka picha sahihi ya Nagasaki ya enzi ya Meiji (1868 hadi 1912).

Miss Saigon (1989)

Jicho. Claude-Michel Schönberg na Alain Boublil, Wafaransa waliokwisha julikana kwa tamthilia zao za muziki, walikihamisha kisa hadi Vietnam ya 1975. Kim ana miaka 17, ametoka kijijini, anafanya kazi baa. Chris ni askari wa Marekani. Tofauti kubwa ni kwamba Chris anampenda kweli, na kinachowatenganisha ni Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, kuanguka, helikopta zikiondoka na watu wakibaki langoni. Lawama inahama kutoka kwa mtu hadi kwenye vita. Wengine huona hilo ni ukomavu. Mimi naona limempunguzia mwanamume mzigo wake.

Mwisho. Kim anajipiga risasi ili baba wa mwanawe asiwe na budi kumchukua mtoto Marekani. Ni kifo chenye hesabu, na kwa hilo kinatofautiana na cha Puccini.

Inakudai nini. Kidogo kuliko zote. Kiingereza cha kawaida, nyimbo zinazoshika haraka, na onyesho la kuadhimisha miaka 25 limerekodiwa, linatazamika nyumbani. Ujue pia historia yake: mzungu Jonathan Pryce alichezeshwa mhusika mwenye nusu ya asili ya Kiasia, na mwaka 1990 wasanii wenye asili ya Asia nchini Marekani walipinga kwa sauti kubwa kabla haijafika Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York.

Inamfaa nani. Familia yenye vijana wakubwa, na anayeogopa sauti ya opera.

David Henry Hwang, M. Butterfly (1988)

Jicho. Hwang, mmoja wa waliopinga uamuzi ule wa Miss Saigon, alikuwa tayari amekwisha toa jibu lake jukwaani. Alianzia kwenye kesi ya kweli: mwaka 1986 mahakama ya Ufaransa ilimhukumu Bernard Boursicot, aliyekuwa mfanyakazi wa ubalozi Beijing, pamoja na mwimbaji wa opera ya Kichina Shi Pei Pu, kwa ujasusi. Boursicot aliishi miaka akiamini Shi ni mwanamke. Hwang aliwabadilisha kuwa Gallimard na Song Liling, na akamfanya Gallimard asimulie kutoka seli ya gereza, akijilinganisha na Pinkerton.

Mapema katika tamthilia, Gallimard anamsikia Song akiimba kifo cha Butterfly na kumsifu kwa machozi. Song anamgeuzia kisa: chukua msichana wa kizungu mrembo, ampende mfanyabiashara mfupi wa Kijapani, amtendee ukatili kisha aende kwao miaka mitatu, msichana asali mbele ya picha yake na kumkataa kijana wa ukoo wa Kennedy, halafu ajiue akisikia jamaa ameoa. Ungemwita mjinga, sivyo? Lakini kwa kuwa anayejiua ni Mwasia, unaona ni uzuri. Sijasoma hoja dhidi ya opera hii iliyo fupi na nzito kuliko hiyo.

Mwisho. Anayevaa kimono na kujiua ni Gallimard. Yeye ndiye aliyependa kitu ambacho hakikuwapo.

Inakudai nini. Uijue opera kwanza, angalau muhtasari wake. Bila hivyo nusu ya makali inapotea. Filamu ya David Cronenberg ya 1993 ipo, lakini imetulia mno na kuacha ucheshi mwingi wa jukwaani, hivyo andiko ni bora. Ina maswali ya jinsia na mwili yanayohitaji hadhira iliyo tayari.

Inamfaa nani. Anayependa mabishano, anayesoma tamthilia, na anayeshuku kwamba mapenzi ya mbali mara nyingi ni mapenzi kwa picha tuliyojichorea.

Uchague vipi

Kama hujawahi kusikiliza opera yoyote, anza na tendo la pili la Puccini peke yake, ukiwa na tafsiri mkononi. Tendo la kwanza lina maelezo mengi na huwavunja moyo wageni. Ukivutwa, lirudie lote siku nyingine.

Kama Kifaransa ni chako, kama ilivyo kwa wasomaji wengi wa Bujumbura na Lubumbashi, Loti atakufungulia mambo ambayo tafsiri huyalainisha. Msome ukijua kuwa atakukasirisha.

Kama unafundisha fasihi, weka ukurasa wa mwisho wa Long kando ya mwisho wa opera, uwaachie wanafunzi wabishane kwa nini Belasco na Puccini walihitaji maiti. Waeleze mapema kwamba bibi harusi wa opera ni mtoto wa miaka 15. Wasije wakaligundua katikati na wakadhani wewe hukuliona.

Kama umeoa au umeolewa na mtu wa utamaduni mwingine na unatafuta kujiona, hizi zote ni kali, na hakuna inayoonyesha ndoa inayodumu. Miss Saigon ina upendo wa pande mbili. Hwang ana ukweli mwingi zaidi kuhusu jinsi tunavyowatazama tuwapendao.

Kama una jioni moja tu, Long. Kama una wikiendi, opera Jumamosi na Hwang Jumapili, kwa mpangilio huo huo. Ukianza na Hwang, masikio yako yatakuwa na ulinzi na Puccini hataweza kukufikia.

Na kama una kikundi cha maigizo, M. Butterfly inawezekana kwa waigizaji wachache na jukwaa lisilo na samani nyingi, ila bado ina mwenyewe, na ruhusa huombwa kabla ya mazoezi kuanza. Long na maneno ya opera ya Puccini havina mwenyewe tena, hivyo unaweza kuvitafsiri kwa Kiswahili na kuvichezea popote ulipo.